Siku kocha aliponyamaza ghafla

Tarehe 1 Agosti 2007 sikujua ni siku ya maana. Kwetu ilikuwa siku kama zingine, asubuhi mbio, mchana ng'ombe, jioni mbio tena, na simu yangu ile Nokia ya tochi, mulika mwizi, iko mfukoni imefungwa na mpira kwa sababu betri ilikuwa inachomoka ukikimbia. Kwa miezi kama miwili hivi kocha wa chuo kimoja huko Marekani alikuwa ananitumia meseji. Fupi fupi tu, goti linaendeleaje, umekimbia kilomita ngapi wiki hii, cheti cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, umeshachukua shuleni ama bado. Nilikuwa nazisoma kwa sauti usiku natafsiri moja moja, na kogo, bibi yangu, akawa ananiuliza huyo mzungu kwani hana watoto wake wa kuuliza hayo maswali.

Halafu zikakatika. Siku mbili, tatu, wiki. Nikajua basi, amepata mwingine mwenye taimu nzuri kuliko yangu, na hao si walikuwa wamejaa kwetu, ukirusha jiwe Iten, mji wa wakimbiaji, linaangukia mtu wa dakika 29 kwa kilomita kumi. Nikamtumia meseji mbili za kumsalimia, kimya. Nikamfleshi, kimya.

Kumbe siku hiyohiyo ya tarehe moja ndiyo sheria mpya ya NCAA ilianza kufanya kazi. NCAA ni shirika linaloendesha michezo ya vyuo Marekani, na kitabu chao cha sheria wakati huo kilikuwa na kurasa zaidi ya 400, sehemu ya 13 yote ni mambo ya kusaka wanafunzi tu: nani anaruhusiwa kumpigia nani, kuanzia lini, mara ngapi kwa wiki, nani anaweza kumnunulia nani chakula. Aprili 2007 walipitisha kwamba kocha wa Divisheni ya Kwanza, ile ngazi ya juu ya vyuo, asimtumie tena meseji mwanafunzi anayemtaka. Imeili ruhusa, faksi ruhusa, lakini meseji za simu na chati za kompyuta marufuku.

Kocha wangu alikuwa ameniandikia imeili siku ileile kunieleza. Hiyo imeili ilinisubiri siku kumi na tisa, kwa sababu ili niisome ilibidi nipande matatu mpaka Eldoret, niingie saiba, nilipe, nisubiri Yahoo ifunguke ile pole pole kutoka juu kwenda chini kama pazia, huku saa ya kona ya kioo inahesabu pesa zangu. Nilipoisoma sikuielewa. Nikaisoma tena. Alikuwa anasema hawezi kunijibu kwa simu, si kwamba hataki, amekatazwa, niangalie imeili kila siku. Kila siku! Nilitoka nje nikakaa kwa ngazi za duka, nikapiga hesabu ya nauli, nikaona kila siku yake huyu kwangu itakuwa kila Jumamosi, na hiyo ni kama kuna maziwa ya kuuza.

Baadaye sana nilipoenda huko ndio nikaelezwa ile sheria ilitoka wapi, na sababu yake nilipoisikia nilicheka mpaka mwenzangu akadhani nimechanganyikiwa. Wanafunzi wenyewe ndio walioilia, kupitia kamati yao ya wanamichezo. Mtoto wa shule ya upili anayejua mpira alikuwa anapata meseji za makocha darasani, chakulani, saa sita usiku, na Marekani wakati huo wengi walikuwa wanalipia hata meseji ya kupokea. Ya kupokea! Yani mtu anakuandikia bila kumwomba halafu bili inakuja kwa baba yako. Sasa kwetu kupokea ilikuwa bure, anayelipa ni aliyetuma, hata ukitumiwa elfu moja simu yako haipungui hata ndururu. Kwa hiyo sheria iliyotungwa kumwokoa mtoto wa Texas na bili ya simu ikanitoa mimi kijijini na kunipandisha matatu. Sisemi walikosea. Kwa yule wa Texas walifanya la maana kabisa, mimi tu sikuwa kwenye picha yao, na nani angenifikiria.

Basi tukaanza maisha ya imeili. Mfumo wangu ulikuwa hivi, Jumamosi naenda nasoma, naandika maswali yake kwa daftari, narudi nyumbani, wiki nzima naandika majibu kwa kalamu polepole nikitafuta maneno kwenye kamusi ya shule, Jumamosi inayofuata naenda nachapa haraka haraka kwa sababu dakika ni pesa. Swali la Jumamosi hii linajibiwa Jumamosi ijayo na jibu lake nalisoma Jumamosi ile nyingine. Wazee wa kwetu wanaosema enzi za miaka ya sabini walikuwa wakipokea barua za ndege kutoka vyuo vya Marekani, enzi za kina Henry Rono, nadhani walikuwa wanatuzidi speed. (Rono mwenyewe akiwa mwanafunzi wa Washington State alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, kwa hiyo barua za ndege hazikuwa mbaya sana.)

Simu ya kuongea ilikuwa inaruhusiwa lakini kwa hesabu. Kocha wa riadha aliweza kumpigia mwanafunzi aliyefika mwaka wa mwisho mara moja kwa wiki. Mara moja. Lakini mwanafunzi akipiga yeye mwenyewe, kwa pesa yake, anaweza kupiga hata mara kumi. Sasa hapo ndipo kufleshi kwangu kulikuwa kunamtesa yule mzee wa watu bila mimi kujua. Kwetu kufleshi ni lugha, kila mtu anajua, unaita mara moja unakata, maana yake nipigie sina kredo. Yeye alikuwa anaona namba ya +254 imeita ikakatika, anashtuka labda kuna shida, anapiga, na hapo ameshatumia simu yake ya wiki nzima kumsikia kijana akisema habari ya asubuhi kocha nilikuwa nakusalimia tu. Aliniandikia imeili ndefu kwa upole sana akinieleza nisifleshi, kama nataka kuongea nipige nisikate. Kupiga Marekani kwa kredo ya kukwangua! Niliwahi kukwangua kadi, nikapiga, akashika, akaniuliza familia yangu haijambo, nikamjibu hawajambo, na hapo kadi ikaisha.

Desemba ile tukapiga kura, na wote mnajua kilichofuata. Sitaki kurudia zile vurugu za baada ya uchaguzi, za Eldoret ya Januari 2008, wenye kuumizwa waliumizwa na mimi si wa kwanza kusema. Nitasema tu upande huu wangu mdogo. Barabara zilikuwa na mawe na magogo, saiba zimefungwa, kadi za kredo zilikuwa zimepotea madukani, na yule jamaa wa kuchaji simu kwa betri ya gari alikuwa amehama. Simu yangu ilizima kama siku tisa. Kocha alikuwa anaona moshi wa mji wetu kwenye televisheni yake huko, na njia alizokuwa nazo kisheria ni mbili, imeili ambayo siwezi kuifikia, na kupiga mara moja kwa wiki namba inayomjibu mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Meseji moja ya "uko salama?" ingekaa ikinisubiri mpaka nipate chaji. Marufuku. Na mwezi uleule Januari vyuo vilikuwa vimejaribu kuipindua hiyo sheria kwa kura, ikashindikana, ikabaki palepale.

Nilipopata chaji, kwa jirani mwenye sola, simu iliita usiku wa pili yake. Hakuniuliza mbio. Aliniuliza majina ya watu wa nyumbani moja moja kama anaita rejista, mama yuko, mzee yuko, kogo yuko. Laini ikakatika katikati, akapiga tena. Miaka baadaye aliniambia ile ya pili ilimpeleka kujiripoti mwenyewe ofisini, hakuwa na uhakika kama iliyokatika inahesabiwa, akaona afadhali aandike. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Mkataba wa kujiunga ulikuja kwa imeili mwezi wa tatu na ukatakiwa kurudi na sahihi yangu na ya mzazi. Kwa faksi. Nimesema faksi ilikuwa halali muda wote huu, sijui kwa nini, labda hakuna mtoto aliyewahi kulalamika anasumbuliwa na faksi. Tukaenda na mzee wangu Eldoret, kachana nywele, kavaa koti la harusi, ofisi moja ya huduma za simu ilikuwa na mashine. Dada wa kaunta akaingiza karatasi, mashine ikaimba ule wimbo wake, ikanyamaza, ikatoa kikaratasi imeshindikana. Mara ya pili imeshindikana. Mara ya tatu karatasi ikakwama, ikatoka imekunjwa pale pale kwenye sahihi ya mzee, na mzee akaomba kalamu akataka kuiandika upya juu ya mkunjo, tukamshika mkono. Ya nne ikaenda. Mzee aliuliza ile karatasi sasa imefikaje na bado tunayo hapa, nikamwambia imeenda kivuli chake, akaridhika.

Sasa ruka miaka. Nilikimbia, si kwa sifa kubwa, nikamaliza digrii, nikarudi tena kusoma, nikaishia kuwa kocha msaidizi kwenye chuo cha wastani katikati ya Marekani. Na kazi yangu nusu yake ndiyo ileile, kusaka, ila sasa mimi ndio niko upande wa kuhesabu simu. Kila chuo kina ofisi ya kuhakikisha sheria zinafuatwa, sisi tunaiita komplayansi, na kila mwezi tunaketishwa tunasomewa. Ukiingia hiyo kazi hadithi ya kwanza unayopewa ni ya Kelvin Sampson, kocha wa basketi, akiwa chuo cha Oklahoma yeye na wasaidizi wake walipiga simu zaidi ya 550 zisizoruhusiwa, akahamia Indiana, mambo ya simu yakamfuata tena, hata zile za kuunganisha watu watatu laini moja, Februari 2008 akaachia kazi na Novemba ile akafungiwa miaka mitano. Angalia tarehe, ni kipindi kilekile mimi nazimikiwa simu. Hadithi ya pili ni ya chuo cha Baylor, 2012, meseji 738 na simu 528 zisizoruhusiwa, basketi ya wanaume na ya wanawake. Tunasomewa hizo namba kama tunasomewa amri kumi.

Lakini kila mtu pale chumbani alikuwa anajua kitu kingine, kwamba 2012 hiyohiyo, Juni, basketi ya wanaume ilifunguliwa, simu na meseji bila kikomo kwa mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa pili wa shule ya upili. Yani kilichomtoa mtu kazini kimekuwa kazi yenyewe. Sampson alikaa nje, akarudi, na 2025 alifikisha Houston fainali ya taifa, wakafungwa na Florida 65 kwa 63. Sijui huwa anafikiria nini akiona msaidizi wake wa miaka 25 anatuma meseji mia kwa siku.

Januari 2013 tulipiga makofi mapema. NCAA walipitisha mpango wa kulegeza, meseji na simu zifunguliwe kwa wote, nikawaambia wenzangu sasa watoto wa kwetu nitawafikia. Mwezi wa tatu likasimamishwa. Makocha wa football, ule mpira wa Kimarekani, ndio waliopiga kelele, hawakutaka kulala na simu mkononi wakishindana nani ametuma mara nyingi, na Big Ten, umoja wa vyuo vikubwa, ilitoa tamko lake la kupinga. Nilikasirika lakini ukweli niliwaelewa. Football ilikuja kufunguliwa 2016.

Kitu nilichojifunza kwa hizo miaka, na nimekijifunza kwa kuumia, ni kwamba sheria ilikuwa inakimbiza kifaa. Kikitokea kipya watu wanapata upenyo, wanaketi kamati, wanauziba, na upenyo ushahamia kwingine. Facebook ilipoingia, ujumbe wa inboksi ukahesabiwa kama imeili kwa hiyo sawa, ila ukiandika ukutani ni kosa. Football walipowakataza makocha wakuu kwenda mashuleni msimu wa kuchipua, 2008, Nick Saban wa Alabama akakaa ofisini kwake akaongea na vijana kwa video, sheria ilisema usiende na yeye hajaenda. Sikulaumu mtu. Hata mimi nimefanya ya kwangu.

Ya kwangu ni hii. Agosti 2016 ilianza sheria tuliyoiita bonyeza usiandike. Kocha anaruhusiwa kulaiki posti ya mwanafunzi, anaruhusiwa kuisambaza, lakini haruhusiwi kuandika neno. Kocha wangu mkuu, mtu wa miaka zaidi ya sitini, akawa analaiki kila kitu, mtoto ameposti medali, laiki, mtoto ameposti ng'ombe, laiki, kuna binti aliposti tangazo la mazishi ya babu yake na mzee akabandika dole gumba, ilibidi nimwombe msamaha mama wa watu kwa Kiswahili.

Mwaka uliofuata binti mmoja wa kule kwetu akashinda mbio za nyika za shule, mwalimu wake akaweka picha, yuko na tope mpaka magotini, namba ya kifuani imegeuka, na kikombe kidogo cha plastiki ameshika kama mtu aliyeshika yai. Mimi niko kitandani saa tano usiku. Vidole vyangu vimekulia kwetu. Picha kama ile ukiipita bila kusema kitu wewe ni mtu wa aina gani? Nikaandika neno moja. Hongera.

Asubuhi komplayansi wakaniita. Yule mama anaiheshimu kazi yake na hana roho mbaya, alikuwa amechapisha posti kwa rangi, akazungushia neno langu kalamu nyekundu. Akaniuliza hili neno maana yake nini. Nikamweleza. Akaniuliza je, ndani yake kuna ahadi ya skolashipu? Nikamwambia hapana, hata mtu akijifungua tunamwambia hivyo. Akaniuliza, je, amejifungua? Nikamwambia hapana mama, ameshinda mbio. Akaandika. Ripoti ilikuwa kurasa mbili, kosa dogo la ngazi ya tatu, wiki mbili nisiwasiliane na huyo binti kwa njia yoyote, na nikasaini kwamba nimeelimishwa. Jambo lililoniuma ni kwamba neno hilohilo ningeliandika inboksi hata mara mia isingekuwa kosa. Hadharani ambapo mwalimu, wazazi na kijiji kizima wanaona ni kosa, gizani tukiwa wawili ni sawa. Nimelifikiria hilo sana tangu nikapata binti wangu mwenyewe.

Corona ilikuja ikafunga kila kitu, kuanzia Machi 2020 mpaka mwisho wa Mei 2021 hakuna kocha wa Divisheni ya Kwanza aliyeruhusiwa kuonana na mwanafunzi anayemsaka uso kwa uso, tukahamia Zoom. Hiyo ya Zoom nitaipita haraka, mnaijua, mtu ameganda mdomo wazi, mvua ya mabati, bando imeisha katikati ya swali. Nitasema tu kwamba ndiyo mara ya kwanza niliona wazazi wetu wanaketi kwenye maongezi tangu mwanzo, kwa sababu simu yenye kamera nzuri ilikuwa ya mama, na mama hatoki.

Sasa hivi tumefunguliwa karibu kila kitu. Kwa riadha tarehe yenyewe ni 15 Juni, baada ya mwaka wa pili wa shule ya upili, na saa sita usiku ikigonga makocha Marekani nzima wanabonyeza tuma. Usiku wa manane wa pwani ya mashariki kule ni saa moja asubuhi kwetu. Mtoto wa Kimarekani anaamka ana meseji hamsini. Ule mkataba wa faksi nao ulifutwa Oktoba 2024, karatasi ya mzee wangu haina kazi tena, na tangu mahakama ilipopitisha makubaliano ya kumaliza kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA, Juni 2025, vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa hiyo kelele imezidi maana kuna hela.

Na kwetu? Mtoto wa kwetu yuko bweni na shule ya bweni Kenya hairuhusu simu. Hilo halimo kwenye kurasa zao 400. Unaweza kumtumia meseji bila kikomo, zinaingia kwenye simu iliyo kwenye kabati la mama yake, ama ya mjomba, ama ya "ajenti". Na huyu wa mwisho ndiye ninayemwogopa. Siku hizi mtu anachukua nembo ya chuo, anaiweka kwenye WhatsApp, anajiita kocha, anaomba ada ya kushughulikia makaratasi. Watu wa Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, wameshaumia na ile sakata ya masomo ya Finland na Canada, walitoa pesa za mashamba na watoto wengi hawakuenda, kwa hiyo sasa hata kocha wa kweli akipiga anaulizwa maswali kama mwizi. Nilimpigia mama mmoja mwaka jana, nikajitambulisha vizuri, jina, ukoo, nilikosoma. Akaniambia kijana, kama wewe ni kocha kweli toa picha yako ukiwa umesimama kiwanjani umeshika gazeti la leo. Nikamwambia mama, huku magazeti hayauzwi tena. Akakata. Na alifanya vizuri, sikumpigia tena mpaka mwalimu wa michezo alipomwambia mimi ni wa nani.

Huyo mama ndiye mwenye binti tunayemtaka sasa, yuko bweni, kidato cha nne. Kocha wangu mkuu mwezi wa sita alikuwa hasemi kingine, mbona hajibu, mbona hajibu, nimetuma meseji kumi na moja, vyuo vingine vitamchukua. Nikamwambia kocha, hata hivyo vingine havijajibiwa, simu iko kabatini, mpaka wafunge shule mwezi wa nane. Akaniangalia kama nimemwambia binti yuko mwezini. Akauliza, kwa hiyo tufanye nini. Nikamwambia tuandike barua.

Tukaandika. Karatasi ya chuo, kurasa moja na nusu, mimi nikaandika nusu yake kwa Kiswahili ili mama naye akipewa aisome, tukaweka picha ya kiwanja na ya bweni na moja ya theluji kwa sababu sipendi kumficha mtu baridi. Kwenye bahasha Sanduku la Posta la shule, kupitia kwa prinsipo. Nilienda posta mwenyewe. Kijana wa kaunta alikuwa hajui stempu ya Kenya ni ya kiasi gani, akaangalia kwa kompyuta.

Ilichukua wiki tatu na siku kadhaa. Jibu lilikuja WhatsApp, kwa simu yangu, kutoka kwa mwalimu wa michezo. Ni picha. Karatasi ya daftari, mwandiko wa kulala, mistari kumi na minne, anashukuru, anauliza kama somo la kemia linafundishwa na walimu wenyewe ama kwa kompyuta, anauliza ugali upo, anasema mama amekubali tuongee Agosti akiwa yeye mwenyewe yupo. Chini kuna muhuri wa shule wa zambarau na sahihi ya prinsipo, kwa sababu prinsipo anasoma barua zote kabla hazijatoka, na kidole gumba cha mwalimu kimeingia kwenye kona ya picha.

Nikaipeleka komplayansi iingizwe kwenye rekodi. Yule mama wa kalamu nyekundu akaifungua, akaikuza, akaikuza tena pale kwenye muhuri. Akaniuliza sasa hii niiweke safu gani, barua, meseji, ama mawasiliano kupitia mtu wa tatu. Tulikaa pale kama nusu saa. Mpaka naandika hapa bado hajaamua, amesema atawauliza wakubwa.